Mwalimu wa Njia Fupi

Kwa miaka yote niliyosoma masomo ya jioni pale Ubaruku, niliamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ameuza mwendo wake wa kunyooka kwa mganga. Msinicheke mapema. Habari yenyewe ilikuwa imekamilika, ina kichwa na miguu. Ilisemekana kwamba ujanani alikwenda kwa mganga mmoja huko milimani akaomba akili ya hesabu. Mganga akampa, lakini kwa sharti: miguu yake isipite tena njia iliyonyooka kutoka alikotoka mpaka anakokwenda. Siku atakayonyoosha, hesabu zote zitamwagika kutoka kichwani kama pumba zinavyomwagika mashineni, abaki hajui hata moja na moja.

Ushahidi ulikuwepo, tena wa kila jioni. Dirisha la darasa letu lilitazama majaruba ya mpunga, na ng'ambo ya majaruba lilionekana paa la nyumba aliyopanga mwalimu. Ukitema mate kwa nguvu, yanafika. Sisi wanafunzi, watu wazima wenye ndevu na watoto, tulikatiza humo humo juu ya kingo za majaruba, mguu mbele mguu nyuma, tukaingia darasani kabla jasho halijatoka. Yeye hapana. Alitoka mlangoni akaipa nyumba yake mgongo, akashuka barabarani, akapita mashine ya kukoboa, akazunguka ghala, akaufuata mfereji, kisha akaanza kurudi nyuma kama mtu anayemkwepa mkwe wake, ndipo akafika kwake. Na mtu huyu ndiye aliyekuwa anatufundisha njia fupi kuliko zote. Sasa wewe ungeamini nini?

Shadrack, dereva wa bodaboda niliyekaa naye dawati moja, alikuwa na nyongeza yake. Alisema hata kitandani mwalimu halali amenyooka. Nikaamini na hilo.

Alikuwa Mhehe wa upande wa Tosamaganga, mrefu, mwembamba, na alivaa sweta la kijani. Nasema sweta, na nasema Ubaruku, ambako mwezi wa kumi na moja mjusi mwenyewe anatafuta kivuli akikosa anaingia ndani kukuomba kiti. Alilivaa hivyo hivyo, vifungo vyote. Tulipomuuliza alijibu kwamba baridi ya Iringa haijamtoka mifupani, akitoka kwao inamfuata. Mifuko ya sweta lile ilikuwa duka: misumari, kamba za katani, mkaa, chaki, kipande cha mshumaa, na peremende alizompa aliyekosea vizuri. Kukosea vizuri, kwake, kulikuwa ni kukosea kwa mchoro ulio wazi, mtu akauona na kujua ulipopotelea. Ukipata jibu sahihi bila mchoro hukupata kitu. Alikutazama tu kwa huruma, kama umemwambia umeota jana usiku.

Neno lake lilikuwa moja: chora kwanza. Ukimwambia hujaelewa, chora kwanza. Ukimwambia umeelewa, chora kwanza. Siku moja Shadrack alifika amenuna, mke wake amemnyima chakula siku ya pili mfululizo bila kusema sababu. Mwalimu akampa chaki. Shadrack akachora kijiwe chake cha bodaboda, nyumba yake, na nyumba ya mama yake mzazi. Mwalimu akamwambia achore na njia anayopita jioni. Mstari ukatoka kijiweni, ukaingia kwa mama, ukakaa pale kidogo, ndipo ukaenda nyumbani. Mwalimu akauliza kwa mama huwa anafanya nini. Shadrack akasema anakula. Darasa zima likaangua kicheko, naye Shadrack akafuta ubao mwenyewe kwa mkono wa shati.

Rula hakuipenda. Alisema rula ni fimbo ya watu wavivu. Yeye alifundisha kwa vitu vilivyotuzunguka, na kwetu sisi kilichotuzunguka kwa wingi ni pumba za mpunga. Nyuma ya mashine ya kukoboa kulikuwa na chungu ya pumba ndefu kuliko Mlima Rungwe, au tuseme ilikaribia. Chungu kama ile hujitengeneza yenyewe, pana chini na kali juu, umbo kamili la pia, yaani koni. Basi jioni moja akatutoa darasani, akabeba kipande cha bati, akakichoma kwenye ile chungu kwa mshazari mdogo. Tukaondoa pumba za upande mmoja, yeye akapitisha mkaa kwenye bati pale pumba zilipoishia. Likatoka umbo la yai. Elipsi hiyo, akasema. Akalisimamisha bati likawa na mwinamo sawasawa na ubavu wa chungu, likatoka umbo kama maji yanavyoruka kutoka kwenye bomba na kuanguka: parabola. Akalichoma wima kabisa, likatoka lingine lililofunguka zaidi, nalo ni haipabola. Mwenye mashine akatoka mbio akitaka kujua tunaiba pumba za nini. Mwalimu hakugeuka hata shingo.

"Tunaazima umbo tu, ndugu yangu. Pumba tunakuachia."

Umeme ukikatika, ambalo ni jambo la kawaida kama kupiga chafya, hakutuacha twende. Alichukua simu ya mtu, akawasha tochi, akaielekeza ukutani. Ikitazama ukuta moja kwa moja, mwanga unakuwa duara. Akiipinda kidogo, duara linarefuka. Akiipinda tena, upande mmoja unakimbia darini na haurudi. Maumbo yote ya kwenye pumba yakatembea ukutani mbele ya macho yetu, na mimi, mpakizi wa magunia, nikahisi nimeonyeshwa siri ambayo hata mbunge hajaonyeshwa. Shadrack, ambaye akili yake ilikuwa kwenye cheti, akauliza kama hayo yatatoka kwenye mtihani wa kidato cha nne.

"Hayatatoka," mwalimu akasema, na akaendelea kupinda tochi.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu aliyeweza kuchora duara kwa mkono mtupu, duara ambalo ukiliangalia unasikia kizunguzungu, hakuweza kuchora ng'ombe. Ng'ombe wake walikuwa meza zenye mkia. Sisi watoto wa wafugaji tuliumia, tukamwomba achore nukta tu, nukta haimdhalilishi mtu. Alikuwa Mkatoliki wa kanisani kila Jumapili, hajawahi kuonja ulanzi, ile pombe ya mwanzi, lakini akitoka likizo kwao alirudi na mfuko wa vipande vya mianzi aliyookota kwa wagema, kwa sababu mgema hukata mwanzi kwa mshazari, na mkato wa mshazari ni elipsi safi. Safari nzima kutoka Iringa mpaka kwetu basi lilinuka ulanzi, na abiria walimwonea huruma mzee wa watu, mwalimu, ulevi umemwanza asubuhi. Hakujitetea. Alisema kueleza elipsi kwenye basi ni kazi kubwa kuliko kuitwa mlevi.

Na alikuwa mkaidi. Ukimpinga kwa maneno hakusikii. Ila ukimpinga kwa mchoro, alikaa chini.

Lakini siku nilizomjua kweli zililetwa na ng'ombe. Baba yangu mdogo, aliyenilea, alikuja Usangu na mifugo kutoka Usukumani nikiwa bado nabebwa mgongoni. Tulikuwa tumehama mpaka kuhama kumekuwa kabila. Hapa Ubaruku alisema basi, amefika, akapanda michungwa, na mfugaji akipanda mchungwa ujue hana mpango wa kuondoka. Tatizo lilikuwa maji. Ng'ombe walilala bomani, wakanywa kwenye mfereji, kisha wakaenda mbugani kula; na boma na mbuga viko upande mmoja wa mfereji. Katikati kulikuwa na shamba la Mama Atu, mjane wa Kinyakyusa mwenye sauti ndogo na mpunga mzuri kuliko wote. Shamba lake lilianzia nyuma ya darasa letu na kushuka mpaka kwenye maji. Kila msimu ng'ombe wetu waliingia. Mwaka ule wakaingia kwenye kitalu cha miche, wakageuza msimu wake mzima kuwa matope.

Mkutano wa kitongoji ukakaa. Mwenyekiti akasema kwa upole, na upole wa mwenyekiti ndio wa kuogopa: kabla maji ya msimu hayajafunguliwa, baba mdogo awe amepata njia ya kunywesha isiyogusa shamba la Mama Atu. Akishindwa, aondoke na mifugo yake. Baba mdogo alirudi nyumbani, akawa anaitazama michungwa yake mmoja mmoja kama anaiaga.

Nikamwambia atulie, mwanawe ni msomi. Wiki ile ile mwalimu alikuwa ametufundisha jambo lenyewe. Alichora mfereji sakafuni kwa chaki, akasimamisha msumari wa boma na msumari wa mbuga upande mmoja, akauliza: ukitoka hapa, ukafika kwenye mfereji, kisha ukaenda kule, unywe maji mahali gani ili safari iwe fupi kuliko zote? Tukabishana mpaka sauti zikakauka. Akaazima kioo cha kinyozi, akakisimamisha juu ya mstari wa mfereji, akatulaza chini mmoja mmoja kwenye msumari wa boma. Ndani ya kioo unauona msumari wa mbuga kama uko ng'ambo. Mahali unapouona kwenye kioo, pale pale ndipo pa kunywea, kwa sababu kuelekea ule wa kiooni umenyoosha, na njia ya kunyoosha haina mshindani. Nililala sakafuni nikaona, na nilipoinuka nilikuwa mtu mwingine.

Basi nikapima kwa hatua boma, mfereji na mbuga, nikachora, nikaweka kioo. Kazi yangu haikuwa na kosa hata la unywele, na nikapata jibu sahihi kabisa: ng'ombe wanywe katikati ya kitalu cha Mama Atu.

Wangapi wangeficha jibu kama hilo? Baba mdogo hakulificha. Alifurahi. Alizunguka mtaa mzima akitangaza kwamba hata shule imethibitisha, ng'ombe wake siku zote walikuwa wanapita mahali pa haki. Jioni iliyofuata Mama Atu akasimama mlangoni mwa darasa, miguu ina tope mpaka magotini, akamwamkia mwalimu.

"Mwalimu, naambiwa hesabu yako imesema mimi ndiye nihame."

Mwalimu akauliza nani amechora. Nikainua mkono, na bado nilikuwa na kiburi kidogo. Akaomba karatasi, akaitazama muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena. Nikangoja anisifu.

"Mchoro hauna kosa," akasema. "Shamba la Mama liko wapi?"

Halikuwepo. Nilichora boma letu, mfereji wetu na mbuga yetu, na kati yake nimeacha karatasi nyeupe. Akanirudishia karatasi, akaniambia nichore tena. Peremende hakunipa.

Jumamosi mkutano ulikaa uwanjani pa shule, kwenye mchanga, mbele ya mwenyekiti. Safari hii mwalimu aliwaita wenye shida wenyewe. Nikauchora mchoro wangu upya, mkubwa, na Mama Atu akaonyesha kwa kidole kila pembe ya shamba lake mpaka akaridhika. Pembe ya chini, iliyokuwa inamtia wasiwasi zaidi, aliivulia kandambili yake akaiweka pale, ili hata kamba ikipita iione. Mwalimu akapigilia vigingi viwili, kimoja boma, kimoja mbuga, akafunga kamba ya katani huku na huku, imelegea kiasi cha kuufikia mfereji tu. Akampa baba mdogo kijiti, akamwambia aisukume kamba kwa kijiti mpaka ikaze, kuelekea mfereji. Kamba ikakaza, kijiti kikaugusa mfereji mahali pamoja tu. Ni pale pale pangu, katikati ya kitalu. Mama Atu akaguna.

"Nani aliwaambia ng'ombe wanataka njia fupi kuliko zote?" mwalimu akauliza. "Wanataka maji."

Akafungua fundo, akaiongeza kamba urefu wa kiganja chake, akafunga upya. Akamwambia baba mdogo azungushe kijiti, kamba ikiwa imekaza muda wote. Baba mdogo akazunguka ameinama, kofia ikamdondoka hakuiokota, na nyuma ya kijiti chake likajichora yai kubwa kwenye mchanga. Ile elipsi ya kwenye pumba na kwenye ukuta, leo imechorwa na mtu ambaye shule aliipita kwa nje akiwa na ng'ombe. Safari hii haikuugusa mfereji, iliuvuka, mahali pawili. Mwalimu akaeleza kwamba kamba ni ile ile, kwa hiyo ukinywa hapa au ukinywa pale safari ni sawa, na imezidi ile fupi kwa kiganja tu cha kwenye mchanga. Sasa tutazame hapo pawili pana nini.

Mahali pa juu paliangukia kwenye maharage ya mwenyekiti. Mahali pa chini paliangukia kwenye changarawe, jirani na kalavati bovu, ambako hapaoti hata magugu. Mwenyekiti aliona faida za changarawe haraka sana, akazieleza kwa ufasaha ambao hakuwahi kuwa nao kwenye mkutano wowote. Mwalimu akanyoosha uzi kutoka boma mpaka changarawe, na kutoka changarawe mpaka mbuga. Ukapita nje ya kandambili. Kwa unene wa kidole, lakini nje.

Baba mdogo akakaa chini, akapangusa uso. Akauliza ng'ombe wake wameongezewa safari kiasi gani kwa kweli, siyo kwa mchanga. Mwalimu akahesabu akamwambia, na akaongeza kwamba ng'ombe hawatajua.

"Watajua," baba mdogo akasema. "Ila hawatasema."

Hapo ndipo Mama Atu alipocheka kwa mara ya kwanza, akaivaa kandambili yake. Tulikwenda kupigilia vigingi vya mkaratusi shambani siku ile ile, na maji yalipofunguliwa ng'ombe walipita nje ya vigingi hivyo kama waliosoma. Msimu ule Mama Atu aliotesha miche upya akavuna, na mpaka leo njia ile ipo, imechimbika, ukiwa juu ya gari la mpunga unaiona inavyokwenda changarawe na kupinda. Michungwa ya baba mdogo ilizaa. Machungwa yake ni machachu yasiyo na mfano Afrika Mashariki yote, lakini hahami ng'o.

Mimi nilifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata C ya hesabu. Ninyi mnaopata A hamjui utamu wa C. C yangu ilinitoa kwenye kupakia magunia nikawa msimamizi wa ghala, na ndani ya ghala napanga magunia kwa namna ambayo wageni wanakuja kupiga picha. Mwalimu alirudi kwao macho yalipoanza kumsumbua. Miaka ikaenda.

Mwaka jana, baada ya mavuno, Mama Atu akaniambia nimsindikize Iringa. Ana gunia la mpunga mpya ameshalikoboa, anataka kulifikisha kwa mwalimu kwa mkono wake, hataki kulituma kwa basi. Tukafika Tosamaganga mchana, kuna ukungu na baridi, mimi nimevaa shati la Ubaruku nikitetemeka kama mashine, na hatimaye nikalielewa lile sweta. Tulimkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa bustanini. Jicho moja lilikuwa limeziba kabisa kwa mtoto wa jicho, la pili linaona kivuli tu. Alikuwa na vigingi viwili na kamba, anachora kitalu cha kabichi. Kwa kamba, alisema, hahitaji macho.

Akanitambua kwa sauti, akaniita mfugaji. Mama Atu naye, mwalimu alimtambua kabla hajasema neno. Alisema ni kwa jinsi alivyotua gunia. Mkewe akatuletea chai na viazi vitamu, tukakaa jikoni karibu na moto. Akataka habari za kila mtu. Nikampa, na nikaongeza chumvi kidogo. Akataka kujua kama njia ya changarawe bado inapitwa. Mama Atu akamwambia tangu siku ile hajaona kwato shambani mwake. Mwalimu akatikisa kichwa polepole, akaonekana kama mtu aliyepewa alama nzuri.

Nikaona nikiondoka bila kuuliza nitakufa na swali. Nikamuuliza, kwa adabu zote, yule mganga wake alikuwa wa wapi.

"Mganga gani?"

Nikamweleza yote: sharti, pumba za kichwani, kulala amepinda, na jinsi kila jioni tulivyomwona anaipa nyumba yake mgongo na kuzunguka mashine na ghala wakati paa lake liko pale ng'ambo. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Mkewe akacheka, akathibitisha kwamba analala amenyooka kama mbao. Mwalimu akajaribu kusema kitu, kikohozi cha kicheko kikamzuia.

Mama Atu hakucheka. Alikuwa anapepeta kiganja cha mchele kutafuta chuya, na hakuinua kichwa.

"Mganga wa nini? Nilimwomba asikanyage kingo zangu, zinabomoka maji yanatoka. Na ninyi niliwaomba."